Taarifa ya Safari: Ajenda ya Tatu

Walinipa dakika kumi, kati ya salfa na deni la magunia.
Ghala la chama, Kitangari, saa nne asubuhi,
wanachama wamekaa juu ya chaga za mbao,
na mimi, Tekla wa mizani, naambiwa:
haya, tueleze hiyo Ulaya.

Nikaanza na miguu.
Maonyesho ya korosho yalikwisha Alhamisi,
ndege ilikuwa Jumamosi,
basi Ijumaa wageni tukatembezwa Lisboni kwa miguu, bure.
Nilikuwa wa kumi na tisa. Najua,
maana kijana Duarte kila kona alituhesabu kwa kidole
kama mtu anayerudia magunia
kwa kumshuku karani.

Mwavuli wa njano juu, mvua hamna.
"Wa nini sasa?" akauliza Bi Namtumba.
Wa kufuatwa. Ukikupotea huo, umepotea wewe.

Mji ni vilima.
Nilipanda kama tunavyopanda kutoka kisimani bondeni,
ila kichwani hakuna ndoo,
na mikono sikujua niiweke wapi.
Chini, vijiwe vyeusi na vyeupe
vimepangwa kimoja kimoja, kwa nyundo.
Kuta zimevishwa vigae vya buluu,
mtaa mzima kama umenunua doti moja.

Kando ya mto kuna mabaharia wa mawe.
Duarte akasema: hapa ndipo walipong'oa nanga,
wakabeba mbegu, wakapeleka mkorosho Afrika.
Wenzangu kumi na wanane wakanigeukia mimi.
Nikatabasamu kama aliyetajwa jina
kwenye harusi asiyoalikwa.

Halafu dukani, pakiti. Hii hapa.
Imeandikwa gramu mia, euro tatu na nusu.
Niliiweka kiganjani: tisini na sita.
Mchopa, mweka hazina, akatoa simu, akapiga hesabu,
akaifuta, akapiga tena.
"Laki moja. Kwa kilo."
"Zimebanguliwa lakini," mtu akasema nyuma.
"Hata kama."

Na mwisho wa ile bure, Duarte akavua kofia, akaipitisha.
"Makato!" ghala zima likalipuka,
popo wakahama boriti.

Ningeishia hapo.
Lakini kicheko ni kitamu, nami nilikuwa na dakika mbili.
Nikachukua ufagio, nikauinua kama mwavuli,
nikaonyesha tulivyovushwa barabara kwenye taa,
Duarte akirudi kinyumenyume, akicheka, akituita:
Depressa! Depressa!

Mzee Nandonde akasimama.
Yeye ambaye huinuliwa na watu wawili
alisimama peke yake, wima, mikono mapajani,
macho kwenye ufagio wangu.

Hakuna aliyecheka. Mtoto wa Bi Namtumba alicheka, akafinywa.

"Ndiyo Kireno changu chote," akasema, baada ya muda.
"Neno hilo. Mashamba ya pamba, ng'ambo, kabla hatujavuka Ruvuma.
Baba alilisikia zaidi yangu."
Akatazama magoti yake kama ya mtu mwingine.
"Huyo kijana, alikuwa anamaanisha nini?"

Haraka, mzee. Gari zisitugonge.

"Aa. Haraka."
Akalionja. "Na Ruvuma, aliitaja?"

Nilirudia safari yote kichwani,
kona kwa kona, kila aliponihesabu.
Hapana, nikasema. Hakuitaja.

Mchopa alikuwa ameshapasua pakiti.
Tulikuwa watu sitini na mbili, punje hazikutosha,
zikakatwa nusu kwa wembe juu ya daftari la stakabadhi.
Mzee Nandonde akapokea nusu yake, akaketi, taratibu,
akaihamisha shavu hili hadi lile; meno hana.
"Zetu zina mafuta zaidi," akasema.

Katibu aliandika: Taarifa imepokelewa.
Ufagio nikaurudisha nyuma ya mlango,
kichwa chini, mpini juu.
Tukaingia ajenda ya nne.